Mashini ya Posta mu inchi ya Ufaransa

Mbele intaneti haijaingia mu nyumba za watu, Posta ya Ufaransa, toka mwaka 1982, iliwaazimisha bure mashini ndogo, Minitel, yenye kufungwa ku waya wa telefone. Kusudi watafute mule namba za telefone, pasipo buku. Lakini mu muji wa Strasbourg njia ya kuomba msaada iligeuka barza: watu wasiojuana walisemezana, kila mtu kwa jina alilojipa mwenyewe. (Hata wanaume walijiita wanawake!) Mwaka 1986 wanafunzi wa universite wakakataa sheria ya waziri Devaquet, wakapashana habari za mgomo kwa mashini hiyo hiyo ya serkali. Tusiseme mashini ndiyo iliyoshinda: ni maandamano, na kifo cha kijana Malik Oussekine, aliyepigwa na polisi. Tarehe 8 Desemba sheria ikaondolewa. Minitel yenyewe ilizimwa mwaka 2012.