Mishiri ya Thika na Baridi ya Ulaya

Kalimoni, karibu na Juja kati ya Ruiru na Thika, iko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, na jalidi haiui mboga huku. Kinachokausha bustani ni kiangazi cha Januari hadi Machi, vuli ikiisha na masika bado. Wakikuyu wa miinuko ya jirani walikivuka kwa kupanda nduma kingoni mwa mito, na viazi vitamu waliviacha udongoni, wakachimba vya kupika siku hiyo tu.

Walowezi walipochukua ardhi hii, akiwemo Mmarekani William Northrup McMillan wa shamba la Juja, alikolala Theodore Roosevelt mwaka 1909, nchi ikawa ya mkonge na kahawa. Mboga zilibaki za jikoni.

Mambo yaligeuzwa na ndege. Uwanja wa ndege wa Embakasi, Nairobi, ulifunguliwa mwaka 1958, na mwaka 1967 serikali ikaunda mamlaka ya kusimamia mazao ya bustani. Mishiri, yaani maharage mabichi ya maganda, haistahimili jalidi hata usiku mmoja, kwa hiyo Ulaya ikiingia baridi, maduka yake huitafuta kwingine. Thika ikawa na nafasi. Msimu mkuu wa kuuza nje ukawa Oktoba hadi Mei, na kiangazi, kilichokuwa adui, kikawa wakati wa soko kwa mwenye pampu na mto.

Kazi yenyewe haina huruma. Mishiri huanza kuchumwa takribani siku 50 baada ya kupandwa, na ikishaanza huchumwa kila baada ya siku mbili tatu. Ganda la daraja la juu halizidi milimita 6 kwa unene. Likichelewa kidogo punje hujitokeza na wakala wa mnunuzi hulikataa. Wachumaji huingia asubuhi na mapema, huacha kikonyo kwenye ganda, kisha kreti huwekwa kivulini.

Mteja wa mbali ana masharti yake. Januari 2013 Umoja wa Ulaya ulianza kupima mabaki ya dawa katika asilimia 10 ya shehena za maharage na njegere za maganda kutoka Kenya, na gharama za ukaguzi zikawalemea wakulima wadogo kuliko makampuni. Wakati huohuo ardhi ya kilimo ilipungua: barabara kuu ya Thika iliyopanuliwa ilikuwa imezinduliwa mwaka 2012, na mashamba mengi ya kahawa ya Ruiru na Juja yakagawanywa kuwa ploti za nyumba. Mwenye kipande cha ardhi kando ya mto Ndarugu sasa ana soko lisilohitaji ndege: sukuma wiki ya Februari, mvua ikiwa haijanyesha, hupata bei nzuri Nairobi.