Neno "Mwenyeji" na Serikali mbele ya Sheria

Je, Serikali hufungwa na sheria iliyoitunga yenyewe? Swali hili huulizwa juu ya hakimiliki ya maandishi. Wilayani Hanang liliulizwa juu ya milki ya ardhi. Mahakama Kuu, Arusha, iliamua kuwa NAFCO, shirika la umma lililolima ngano, liliingia isivyo halali katika ardhi ya kijiji cha Mulbadaw. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani iliitengua hukumu hiyo: kijiji hakikuthibitisha kugawiwa ardhi, wala wanakijiji hawakuthibitisha kuwa "wenyeji" kwa maana ya Sheria ya Ardhi ya 1923.

Hapa mfasiri hana budi kutua. Katika Kiswahili mwenyeji ni mkazi wa mahali. Katika sheria ile alikuwa mtu wa asili ya Kiafrika. Aliyesoma tafsiri pekee asingejua ni ushahidi gani unaotakiwa.

Mwaka 1994, katika shauri la Lohay Akonaay, Mahakama ya Rufani ilitamka kuwa haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba, isiyotwaliwa bila fidia ya haki. Serikali, basi, hufungwa na sheria. Ili raia naye aweze kuitegemea, kila istilahi ya sheria haina budi kuambatana na fasili yake.