Madoa ya Colorado na Maji ya Arumeru

Frederick McKay alipoanza kutibu meno Colorado Springs, Marekani, mwaka 1901, alikuta vinywani mwa wagonjwa kitu kisichotajwa na kitabu chochote alichosomea: madoa ya kahawia yaliyokolea kama chokoleti. Wenyeji walikuwa na majibu tayari. Nyama ya nguruwe, walisema hawa. Maziwa mabovu, walisema wale. McKay akaanza kukagua na kuhesabu.

Mwaka 1909 aliungana na G. V. Black, mtafiti wa meno mwenye jina kubwa nchini humo. Kati ya watoto waliozaliwa mjini hapo, karibu 90 katika kila 100 walikuwa na madoa. Wawili hao waligundua kwamba doa huingia jino likiwa bado linajengeka ndani ya ufizi. Mtu mzima aliyehamia na meno meupe alibaki nayo meupe. La kushangaza zaidi, meno hayo yenye madoa hayakuoza upesi.

Black alifariki mwaka 1915. McKay hakuacha. Huko Oakley, Idaho, mwaka 1923, wazazi walimweleza kwamba madoa yalianza baada ya mji kuvuta bomba kutoka chemchemi ya maji ya uvuguvugu. Aliwashauri waiache. Miaka michache baadaye, watoto wadogo wakaota meno safi.

Basi ni maji. Lakini ndani yake mna nini? Jibu lilitoka mwaka 1931 kwa H. V. Churchill, mkemia mkuu wa kampuni ya alumini ya Alcoa, aliyehofu kwamba sufuria za alumini zingebebeshwa lawama kwa meno ya watoto wa Bauxite, mji wa machimbo wa kampuni hiyo huko Arkansas. Alipopima maji ya mji huo alikuta floraidi nyingi kiasi kwamba hakuamini, akaagiza sampuli nyingine.

H. Trendley Dean, daktari wa meno wa serikali, alizunguka akilinganisha maji na meno ya maelfu ya watoto. Aliona kwamba maji yenye takriban miligramu 1 ya floraidi kwa lita hupunguza kuoza bila kuchafua meno ya walio wengi. Tarehe 25 Januari 1945, Grand Rapids, Michigan, ukawa mji wa kwanza kuongeza floraidi kwenye maji ya bomba. Baada ya miaka 11, kuoza kwa meno ya watoto waliozaliwa tangu siku hiyo kulikuwa kumepungua kwa zaidi ya asilimia 60. Dawa za meno zenye floraidi zilipoenea, faida ya kuiongeza majini ikawa ndogo, na wataalamu wakaanza kuipima upya.

Kwenye miteremko ya Mlima Meru, nchini Tanzania, hesabu hiyohiyo inadai kinyume chake: floraidi ipunguzwe. Miamba ya volkeno ya Bonde la Ufa huingiza floraidi majini kupita miligramu 1.5 kwa lita, kikomo cha Shirika la Afya Duniani, na magadi ya kulainishia maharage huiongeza chunguni. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, wilayani Arumeru, huchuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Na kwa kuwa meno ya kudumu hujengeka utotoni, kama walivyoona McKay na Black, kaya yenye ndoo moja tu ya maji yaliyochujwa ina sababu ya kuwatangulizia watoto wadogo.