Marhamu ya antibiotiki: Jinsi ya kuitumia kwa usalama ngozi inaposhambuliwa na bakteria

Tyubu ndogo ya dawa ya kupaka hupatikana kwa urahisi katika maduka ya dawa ya Afrika Mashariki, na mara nyingi hununuliwa bila cheti cha daktari. Ikitumiwa ipasavyo huponya vidonda vya bakteria kwa siku chache. Ikitumiwa ovyo huficha ugonjwa, huidhuru ngozi na kuvipa vimelea nafasi ya kujenga usugu.

Iwe Dar es Salaam, Kampala au Bujumbura, mazungumzo kwenye dirisha la duka la dawa hufanana. Mama amemshika mtoto mkono, anaonesha vidonda vilivyouzunguka mdomo na pua, kisha anaomba "dawa ya kupaka". Muuzaji anatoa tyubu, fedha zinalipwa, mazungumzo yamekwisha. Ni nadra kwa mmoja wao kuuliza maswali mawili yaliyopaswa kutangulia: vidonda hivi vimeletwa na nini, na ndani ya tyubu hiyo mna dawa gani?

Maradhi yanayotibika kwa kupaka

Ugonjwa unaofaa zaidi kutibiwa kwa marhamu ya antibiotiki ni ule ambao matabibu huuita impetigo. Huanza kwa kijipele au lengelenge dogo linalopasuka upesi, likatoa majimaji yanayokauka na kuwa kigaga cha rangi ya asali. Huwapata zaidi watoto wa umri wa miaka 2 hadi 5, hasa usoni, mikononi na miguuni, na huambukizwa kwa kugusana au kwa kutumia taulo moja. Wanaousababisha ni bakteria wa aina mbili, Stafilokokasi aurea na Streptokokasi piojene, ambao huingia mahali ngozi ilipokwaruzwa, ilipoumwa na mbu au ilipokunwa. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015 ulikadiria kwamba watoto zaidi ya milioni 160 duniani huwa na ugonjwa huu kwa wakati wowote ule, wengi wao katika nchi za joto na zenye kipato kidogo.

Vidonda vikiwa vichache na vya juu juu, dawa ya kupaka inatosha. Mapitio ya taasisi ya Cochrane ya mwaka 2012, yaliyokusanya majaribio 68 ya tiba, yalionesha kwamba kwa mgonjwa wa namna hiyo dawa za kupaka za mupirosini na asidi ya fusidiki hufanya kazi sawa na vidonge vya kumeza, au hata kuvizidi. Faida yake ni dhahiri: dawa hubaki mahali penye ugonjwa, na tumbo halisumbuki.

Lakini uwezo wa marhamu unaishia kwenye tabaka la juu la ngozi. Jipu lililoiva haliponi kwa kupakwa, kwa kuwa usaha umejifungia ndani na dawa haiufikii; linahitaji kupasuliwa na mhudumu wa afya mwenye vifaa safi. Maambukizi yaliyopenya chini ya ngozi, yenye uvimbe, joto na maumivu yanayozidi kutanuka, yanahitaji dawa ya kumeza au ya sindano. Hapa pana jambo ambalo vitabu vingi vilivyoandikwa Ulaya hulipita bila kulitaja: dalili ya wekundu inayotajwa kila mara haionekani kirahisi kwenye ngozi nyeusi. Mahali palipoambukizwa huweza kuonekana peusi zaidi, pa zambarau au pa rangi ya kijivu. Basi ni bora kupapasa kwa nyuma ya mkono na kulinganisha na upande wa pili wa mwili. Joto na ugumu wa ngozi husema mengi kuliko rangi.

Ndani ya tyubu mna nini

Jina la biashara lililoandikwa kwa herufi kubwa halimsaidii sana mtumiaji. La kusoma ni jina la dawa yenyewe, ambalo kwa kawaida huwa chini yake kwa herufi ndogo.

Mupirosini ya asilimia 2 imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, WHO. Ilipatikana Uingereza kutokana na bakteria waitwao Pseudomonasi fluoresensi, nayo huua vimelea kwa kuwazuia kutengeneza protini. Kiasi kidogo kinachopenya mwilini huvunjwavunjwa upesi, ndiyo maana haitumiki kama kidonge. Asidi ya fusidiki, iliyogunduliwa Denmark na kuanza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1960, hutokana na kuvu na hupambana hasa na Stafilokokasi. Neomaisini na basitrasini ni za zamani zaidi, na kasoro yake inajulikana: huwasababishia baadhi ya watu mzio wa ngozi. Mtu hupaka, ngozi inawasha na kutoa majimaji, naye hudhani kidonda kimezidi, akaongeza dawa ileile inayomdhuru.

Hilo si jambo geni katika historia ya dawa hizi. Penisilini ilipoanza kuenea katika miaka ya 1940 ilitengenezwa pia kama dawa ya kupaka, ikaachwa baada ya kubainika kwamba iliwafanya watu wengi wapate mzio, na mtu mwenye mzio wa penisilini yuko hatarini siku atakapodungwa sindano yake. Ingawa hivyo, bado wapo wanaofungua kapsuli za antibiotiki, zile ambazo Watanzania huziita "rangi mbili", na kuunyunyiza unga wake juu ya kidonda. Unga huo haukutengenezwa kwa ajili ya ngozi, si safi kwa kiwango kinachotakiwa kwenye kidonda kilicho wazi, na kipimo chake hakijulikani.

Tatizo kubwa zaidi katika ukanda huu, kwa maoni ya mwandishi, ni krimu za mchanganyiko. Ndani ya tyubu moja hutiwa antibiotiki kama gentamisini au neomaisini, dawa ya fangasi kama klotrimazoli, na steroidi kali kama betamethasoni. Wauzaji huzipenda kwa kuwa zinaonekana kufaa kwa kila ugonjwa, nao wanunuzi huzipenda kwa kuwa mwasho hutulia haraka. Kutulia huko ni kazi ya steroidi, ambayo hupunguza uvimbe na kuulegeza ulinzi wa ngozi, huku chanzo cha ugonjwa kikibaki palepale. Choa kilichopakwa dawa ya namna hii hupoteza umbo lake la duara, kikasambaa kimyakimya hata tabibu mzoefu akapata shida kukitambua. Matumizi ya muda mrefu huifanya ngozi kuwa nyembamba, yenye michirizi, chunusi na mabaka meupe. Wengine wameigeuza athari hiyo kuwa lengo, wakizitumia krimu hizo kujichubua uso.

Kwa hiyo mwenye vidonda vya bakteria anahitaji tyubu yenye antibiotiki pekee. Akikuta neno linaloishia na "-sone" au "-sol" kwenye orodha ya viambato, kama betamethasone au clobetasol, amuulize mfamasia kwa nini dawa hiyo imewekwa humo.

Namna ya kupaka

Kupaka dawa juu ya kigaga ni kuitupa. Kwanza mikono ioshwe kwa maji na sabuni. Kigaga kiloweshwe kwa kitambaa safi chenye maji ya uvuguvugu kwa dakika chache hadi kilainike, kisha kifutwe taratibu bila kukibandua kwa nguvu. Ngozi ikishakauka, dawa ipakwe kwa tabaka jembamba juu ya kidonda na kando yake kidogo. Baada ya hapo mikono ioshwe tena.

Kipimo rahisi kilielezwa mwaka 1991 na matabibu wa Uingereza, Long na Finlay: dawa inayominywa kutoka ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi kwenye kiungo chake cha kwanza ni takriban nusu gramu, na inatosha kufunika eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Vidonda vitatu vya usoni mwa mtoto vinahitaji sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Kupaka nene hakuharakishi kupona.

Mupirosini na asidi ya fusidiki kwa kawaida hupakwa mara 3 kwa siku kwa siku 5, na tabibu anaweza kuongeza hadi siku 7. Mupirosini haipaswi kuzidi siku 10. Kusipoonekana nafuu yoyote baada ya siku 3 hadi 5, mgonjwa arudi kwa mhudumu wa afya badala ya kununua tyubu ya pili. Katika muda huo kucha za mtoto zikatwe, taulo na shuka zake zitengwe na kufuliwa, naye asiende shule hadi vidonda vikauke au zipite saa 48 tangu tiba ianze.

Yapo matumizi yasiyofaa kabisa. Marhamu ya ngozi isiingizwe machoni wala mdomoni. Dawa ya macho hutengenezwa kwa namna yake, nayo tetrasaiklini ya macho inayotolewa zahanati si tiba ya vidonda vya miguu. Neomaisini isitumike kwenye sikio ambalo ngoma yake imetoboka, wala kwenye majeraha mapana, kwa sababu ikipenya kwa wingi inaweza kuharibu uwezo wa kusikia. Baadhi ya marhamu za mupirosini zimechanganywa na polithini-glaikoli, kiambato ambacho figo ndizo hukiondoa mwilini, hivyo hazifai kwa majeraha makubwa ya moto, hasa kwa mgonjwa wa figo. Mama anayenyonyesha na anayetibu chuchu zilizopasuka aisafishe dawa yote kabla ya kumpa mtoto titi.

Mchubuko mdogo wa kawaida usio na dalili ya maambukizi hauhitaji antibiotiki. Maji safi, sabuni, vaselini kidogo na kitambaa safi cha kuufunika vinatosha.

Upele ulio chini ya vidonda

Familia nyingi hupaka marhamu, vidonda hukauka, na wiki mbili baadaye hurejea. Mara nyingi sababu ni upele, ule unaoletwa na kidudu kinachochimba ndani ya ngozi na kuwasha zaidi usiku. Mtoto hujikuna, ngozi huchanika, bakteria huingia. Nchini Fiji, watafiti walitoa dawa ya ivermektini kwa jamii nzima, wenye upele na wasio nao. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionesha kwamba mwaka mmoja baadaye upele ulikuwa umepungua kwa asilimia 94, na vidonda vya impetigo kwa asilimia 67, bila ya antibiotiki kugawiwa. Vidole vinavyowasha katikati, viganja vya mikono na kiuno vikaguliwe kwa kila mtu nyumbani, na wote watibiwe siku moja.

Dawa inapozoeleka

New Zealand imekuwa funzo kwa mataifa mengine. Katika miaka ya 1990 mupirosini iliuzwa huko bila cheti cha daktari, na usugu wa Stafilokokasi dhidi yake ukapanda. Serikali ilipoibana, matabibu waligeukia asidi ya fusidiki, matumizi yakaongezeka, na usugu dhidi ya dawa hiyo ya pili nao ukapanda. Uingereza ilichukua tahadhari mwaka 2020: mwongozo wake wa taifa unapendekeza krimu ya haidrojeni peroksaidi ya asilimia 1, ambayo ni dawa ya kuua vijidudu na si antibiotiki, iwe chaguo la kwanza kwa impetigo ya eneo dogo kwa mgonjwa asiye na homa.

Uzito wa suala hili unavuka mipaka ya ngozi. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2022 ulikadiria kwamba usugu wa bakteria ulisababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani mwaka 2019, na Stafilokokasi aurea ni miongoni mwa vimelea sita vilivyoongoza. Bakteria huyo ndiye yuleyule anayekaa puani mwa watu wengi wenye afya njema.

Wakati wa kwenda hospitali

Homa, mtoto kulegea au kukataa kunyonya, uvimbe unaopanuka kwa saa, maumivu makali kuliko kidonda kinavyoonekana, au uvimbe kuzunguka jicho ni dalili zisizosubiri hadi kesho. Kwa watoto waliougua vidonda vya Streptokokasi, mkojo wa rangi ya chai ya rangi na uso kuvimba asubuhi, hata wiki kadhaa baada ya ngozi kupona, huweza kuashiria kwamba figo zimeathirika. Wenye kisukari, wanaoishi na VVU ambao kinga yao imeshuka, na watoto wachanga wasitibiwe kwa kubahatisha dukani.

Si kila kidonda ni cha bakteria. Baka lililofifia na lisilohisi likiguswa linaweza kuwa ukoma. Malengelenge yanayoambatana na homa na tezi zilizovimba yanaweza kuwa mpox, ugonjwa wa virusi ambao WHO iliutangazia dharura ya kimataifa Agosti 2024, baada ya kuenea kutoka Kongo hadi Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya. Antibiotiki ya kupaka haimuui kirusi. Kwa vidonda visivyoeleweka, kanda hii ina wataalamu: kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC mjini Moshi, Tanzania, kimewafundisha matabibu kutoka nchi nyingi za Afrika, na wahitimu wake hufanya kazi hata katika hospitali za wilaya.

Tyubu iliyofunguliwa ihifadhiwe mahali pakavu pasipo na jua kali, mbali na watoto, na isitumiwe na watu wawili, kwa kuwa mdomo wake ukigusa kidonda hubeba vimelea. Tarehe ya mwisho wa matumizi mara nyingi hugongwa kwenye mkunjo wa chini wa tyubu, mahali palepale ambapo watu huanza kuikunja wanapoiminya. Boksi lake litunzwe hadi dawa iishe.