Vitabu vya hesabu vya Sendai

Mwaka 1641 mwalimu mmoja wa Japani, Yoshida Mitsuyoshi, alichapisha upya kitabu chake cha hesabu, Jinkōki. Kilikuwa kitabu cha watu wa kawaida: kupima shamba, kugawana mchele, kubadilisha fedha, kutumia soroban, yaani kile kibao cha shanga za kuhesabia. Toleo la kwanza la 1627 lilipendwa mpaka wajanja wakaliiga na kuliuza. Safari hii Yoshida akaweka mwishoni maswali 12 bila majibu. Kama kweli wewe ni mwalimu, haya, jibu!

Watu wakajibu. Na waliojibu nao wakaacha maswali mapya kwenye vitabu vyao. Sawaguchi Kazuyuki aliacha 15 mwaka 1671, na mwaka 1674 Seki Takakazu akatoa kitabu cha kuyajibu. Huyo Seki ndiye Wajapani wanamhesabu kuwa bingwa wao.

Mimi ninayoipenda ni hesabu ya panya iliyomo kwenye Jinkōki. Panya dume na jike wanazaa watoto 12 mwezi wa kwanza, jumla 14. Mwezi wa pili kila jozi, wazazi kwa watoto, inazaa 12, jumla 98. Mwisho wa mwaka je? Niliwapa vijana wa kikundi chetu. Walicheka kwanza, halafu wakaanza kubishana, simu ya mmoja ikashindwa kuandika namba yote. Ni 27,682,574,402. Siri yake ni kuzidisha kwa 7 kila mwezi, basi.

Mwaka 1872 serikali ya Japani ikaamua shule zifundishe hesabu za Ulaya. Sikatai, nchi ilitaka mainjinia. Lakini walimu wa zamani wakabaki na vitabu ambavyo hakuna mtoto atavifanyia mtihani, vingine vimeandikwa kwa mkono, mwanafunzi akinakili cha mwalimu wake. Sisi tuliobadilishiwa mtaala njiani tunajua mwisho wa vitu hivyo: daftari la mwaka jana linafungia maandazi.

Pale Sendai kukatokea profesa, Hayashi Tsuruichi. Mwenyewe alikuwa mtu wa hesabu za kisasa, tena mwaka 1911 alianzisha jarida la hisabati ambalo mpaka leo linatoka. Kumbe huyohuyo alikuwa anakusanya vitabu vya wale wazee. Leo vipo kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Tohoku, pamoja na vya wakusanyaji wengine, na hakuna mahali penye mkusanyo mkubwa kuliko huo wa hesabu za kale za Kijapani. Bila watu kama yeye, mimi hiyo hesabu ya panya ningeitoa wapi?

Nimeanza kuwaomba walimu wetu waliofundisha kule nyumbani madaftari yao ya maandalio. Wengine wananicheka. Mpaka sasa ninayo manne, moja limelowa mvua lakini linasomeka.