Shura na Amri: Mazingatio Kutoka Uhud Hadi Uwanda wa Dodoma

 

Mwaka wa 3 Hijria, kabla ya Uhud, Mtume (S.A.W.) alipendelea kubakia Madina. Wengi, hasa vijana waliokosa Badri, walitaka kutoka, naye akaifuata rai yao. Wakauawa masahaba wapatao 70, baada ya wapiga mishale wengi kukiacha kilima walichoamrishwa kukilinda. Mwenye pupa angesema shura ndiyo iliyoponza. Lakini aya ya 159 ya Aal Imran, iliyoteremka baada ya msiba huo, inamuamrisha Mtume awasamehe na ashauriane nao, na inabainisha kuwa lau angekuwa mkali wangemkimbia.

Tuutazame uwanda wetu. Mwaka 1968, katika waraka wa Uhuru na Maendeleo, Mwalimu Nyerere alieleza kuwa watu wasilazimishwe kuingia vijiji vya ujamaa. Hata hivyo, katika Operesheni Dodoma ya mwaka 1971, Wagogo wengi walihamishwa kwa amri. Wao walizoea tembe zilizotawanyika na kuhamisha mifugo kufuata malisho, kwa kuwa mvua ya huku haiaminiki. Elimu hiyo haikuulizwa. Watu na mifugo wakasongamana, ardhi ya kandokando ya vijiji ikachoka, na mashamba ya pamoja hayakutoa kilichotarajiwa.

Kondoa nako, mwaka 1979, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO) uliondoa mifugo yote katika eneo lililomomonyoka. Insafu inatutaka tukiri kwamba majani na miti vilirudi. Lakini wafugaji walikosa maziwa na samadi, na manung'uniko yakabaki. Basi amri yaweza kuleta kazi pasipo ridhaa, na kazi isiyo na ridhaa huhitaji mlinzi kila siku.

Enyi maimamu wenzetu, mafakihi wamekirihisha mtu kuwaswalisha watu wanaomchukia kwa sababu ya kisheria. Je, ni wangapi kati yetu tunaowafungulia waumini mahesabu ya msikiti, na kuwauliza kabla hatujaamua? Michango ikipungua, twasema imani imepungua. Huenda wamechoka kutoulizwa.

Tuanze Ijumaa hii, baada ya swala: tuketi nao, tuwasikilize. Wallahu a'lam.