Udahili wa vyuo vya Marekani kwa waliosoma sekondari nje ya nchi

Udahili wa vyuo vya Marekani kwa waliosoma sekondari nje ya nchi ni utaratibu anaoufuata mtu aliyemaliza shule ya sekondari nje ya Marekani ili asome shahada ya kwanza nchini humo. Marekani haina chombo kimoja cha kuwapangia wanafunzi vyuo, kama KUCCPS ya Kenya. Kila chuo huamua chenyewe, na mwombaji mwenye matokeo yaleyale anaweza kukubaliwa na kimoja na kukataliwa na kingine.

Historia

Katika Afrika Mashariki njia hii ilifahamika hasa kupitia mpango wa Tom Mboya wa kusafirisha wanafunzi kwa ndege. Kundi la kwanza la wanafunzi 81 liliwasili New York mnamo Septemba 1959. Mwaka 1960 Wangari Maathai alikwenda kwa mpango huo katika chuo cha Mount St. Scholastica, Atchison, jimbo la Kansas, akahitimu mwaka 1964.

Matokeo ya shule

Vyuo vya Marekani hutaka alama za miaka minne ya mwisho ya sekondari, si za mtihani wa taifa peke yake. Hapo ndipo ugumu huanza, kwa kuwa shule nyingi za Tanzania na Kenya huhesabu mtihani wa mwisho kuwa ndio kila kitu, na kumbukumbu za mihula hazitunzwi vizuri. Ni busara kuomba ripoti hizo kabla ya kuondoka shuleni.

Alama zenyewe nazo hupotosha. Katika mtihani wa kidato cha nne Tanzania, A huanzia 75. Katika shule nyingi za Marekani 75 ni C. Mwanafunzi anayejibadilishia alama kwa kufuata asilimia hujipunguzia haki yake bure. Inafaa kupeleka alama kama zilivyo, na shule iambatishe maelezo ya mfumo wake wa upimaji. Vyuo vingine hutaka tathmini ya kampuni binafsi, mara nyingi iliyo mwanachama wa NACES, umoja ulioanzishwa mwaka 1987. Vyeti vya Kifaransa, kama vile diploma ya taifa ya Kongo, huhitaji tafsiri rasmi ya Kiingereza.

Maombi na mitihani

Vyuo zaidi ya 1,000 hupokea maombi kupitia Common Application, iliyoanzishwa mwaka 1975. Humo mna fomu, insha na barua za walimu. Barua isemayo tu kwamba mwanafunzi ana nidhamu na bidii haisaidii sana. Wasomaji wake hutaka mifano.

Wakati wa janga la UVIKO-19 vyuo vingi viliacha kudai mtihani wa SAT. MIT iliurudisha mwaka 2022, na mwaka 2024 Harvard, Yale na Dartmouth zilitangaza kufanya hivyo. Nje ya Marekani SAT hufanywa kwa kompyuta tangu Machi 2023. Waliosoma sekondari kwa Kiingereza husamehewa TOEFL au IELTS na baadhi ya vyuo, lakini si vyote.

Maombi ya kawaida hufungwa karibu na mwanzo wa Januari, majibu hutoka kufikia mwanzo wa Aprili, na mwombaji hutakiwa kuchagua chuo kufikia Mei 1. Mtahiniwa wa kidato cha sita Tanzania huwa bado hajapata matokeo, kwa hiyo hutumia yale ya kidato cha nne pamoja na makadirio ya walimu. Mkenya aliyefanya KCSE mwezi Novemba mara nyingi husubiri mwaka mmoja.

Fedha

Wengi hukwama hapa. Msaada wa serikali ya Marekani, unaoombwa kwa FAFSA, ni wa raia, wakazi wa kudumu na makundi machache mengine. Mtoto wa Kitanzania mwenye uraia wa Marekani anaweza kuuomba hata kama alisoma Arusha maisha yake yote. Mwenzake asiye nao hawezi.

Asiye na sifa hizo hutegemea fedha za chuo chenyewe. Vyuo vingi huangalia uwezo wa familia kabla ya kukubali mwombaji wa kigeni, kwa hiyo kuomba msaada hupunguza nafasi yake. Vichache, vikiwemo Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, haviangalii, na huziba pengo lote la ada na malazi. Navyo hukataa waombaji wengi mno. Kuomba chuo cha jimbo kisichotoa msaada kwa wageni kwa sababu tu ada yake ni ndogo ni kosa la mara kwa mara, kwani ada hiyo ndogo ni ya wakazi wa jimbo.

Vituo vya EducationUSA, vya mtandao wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, hutoa ushauri bure. Wakala anayeahidi nafasi kwa malipo hana uwezo wa kuitoa.

Viza

Chuo hutoa fomu I-20 baada ya kuthibitisha kwamba gharama za angalau mwaka wa kwanza zipo. Mwanafunzi hulipa ada ya SEVIS, iliyopanda hadi dola 350 mwaka 2019, kisha huomba viza ya F-1. Sheria humchukulia mwombaji kuwa anataka kuhamia Marekani mpaka athibitishe vinginevyo, hivyo hata aliyepata ufadhili kamili anaweza kunyimwa. Juni 2025 Marekani iliweka vikwazo vya viza kwa raia wa nchi kadhaa, ikiwemo Burundi, na viza za wanafunzi zilihusika.